Siku nne Istanbul na mabinti wawili

Dada, umeuliza utawapeleka wapi wanao wa miaka 14 na 16 kwa siku nne Istanbul, Desemba, bila kuwaona wamenuna na simu mkononi. Mimi nilipowapeleka wangu niliharibu siku ya kwanza kwa ratiba: misikiti mitatu na kasri moja kabla ya saa nane mchana. Binti yangu mkubwa aligoma, akakaa chini uani kwenye kasri hilo, Topkapı, hakuinuka mpaka aliponunuliwa simit, ule mkate wa duara wenye ufuta.

Kilichookoa safari ni feri. Pandeni Eminönü, mshukie Kadıköy: dakika kama 20 tu mmetoka Ulaya mmeingia Asia, kwa nauli ndogo. Shakwe huifuata feri, watoto wakawarushia vipande vya mkate, simu zikasahaulika (isipokuwa za kupigia picha, bila shaka). Kadıköy waachie saa mbili wazunguke wenyewe, mkutane gatini.

Kila binti mpe siku moja aipange yeye, hata kama atachagua maduka. Ila Soko Kuu hufungwa Jumapili, na Topkapı Jumanne, kwa hiyo waangalie kalenda kwanza. Hoteli tafuta karibu na njia ya tramu T1. Ukikaa mbali utalipia kwa miguu na kelele. Mitandio ya msikitini isisahaulike, wala makoti. Desemba kule ni baridi na mvua, si baridi ya Arusha.