Bango kwenye shamba la kahawa

SWALI: Jirani yetu hapa Kiambu ameuza ekari 6 za kahawa. Langoni pamewekwa bango kwamba ardhi inabadilishwa matumizi, kutoka kilimo hadi makazi, nyumba 120. Tulimwandikia chifu, sahihi 200, lakini hadi leo kimya. Tufanyeje?

JIBU: Chifu hana mamlaka hapo. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, pingamizi huandikiwa waziri wa kaunti anayehusika na mipango ya ardhi. Lipigeni picha bango leo, namba ya ploti na siku ya mwisho ya kupokea pingamizi zikisomeka. Msilale: mwombaji wa kibali asiyepata jibu la maandishi kwa siku 60 huhesabiwa ameruhusiwa. Kimya cha ofisi kinamfaa mjenzi, si ninyi.

Sahihi 200 chini ya “hatutaki wageni” hazina uzito, maana mwenye shamba ana haki ya kuuza. Pelekeni hesabu. Nyumba 120, watu 4 kila moja, lita 100 kwa mtu: lita 48,000 za maji kila siku. Yatatoka wapi? Sehemu kubwa itarudi kama maji taka, na pasipo bomba la kuyapeleka mbali, yataishia kwenye mashimo ya humo humo shambani. Basi pimeni kwa mita kutoka mpaka wa ploti hadi visima vyenu na mtoni. Barabara nayo ipimeni ua kwa ua. Barua tatu za wanaopakana na shamba, kila mmoja akitaja ploti yake na madhara yatakayomfika, zinaizidi ile karatasi ndefu. Nendeni na nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo.

Kibali kikitoka, mna siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya rufaa za mipango, ndipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Wanaoiruka kamati mara nyingi hutupiwa kesi nje kabla haijasikizwa. Leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ina njia yake: hiyo hupingwa kwenye Baraza la Kitaifa la Mazingira, ndani ya siku 60.

Msingi ukichimbwa kabla ya kibali, hilo ni kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili. Piga picha, andika tarehe, ipeleke ofisi ile ile ya mipango.