Figo kubwa zinazong'aa: usikimbilie kuandika "ugonjwa sugu"

Jana usiku mdogo wangu wa kazi aliyeko Mwanza kaniandikia: "Dada, kwenye altrasaundi figo zote mbili kubwa, zinang'aa. VVU hana, sukari hana. Niandike nini?" Usingizi ukapaa. Swali hilo nilishawahi kulijibu vibaya.

Alikuwa kijana mwenye kidonda cha mfupa mguuni, kinatoa usaha tangu yuko shule ya msingi. Uso na miguu vimevimba. Nikampiga altrasaundi: kila figo sentimita 13, nyeupe kuliko ini. Ini limeshuka chini ya mbavu, wengu nao mkubwa. Nikaandika "ugonjwa sugu wa figo", nikaita anayefuata. Foleni ilikuwa ndefu, lakini harufu ya ule usaha niliisikia mwenyewe na sikuuliza kitu.

Mwaka uliofuata alikuwa kwenye dialisisi, anasafishwa damu kwa mashine. Hospitali nyingine walimchukua kinyama cha figo, wakakitia rangi ya nyekundu ya Kongo, kikang'aa kijani kwenye hadubini ya mwanga uliochujwa. Amiloidi. Usaha wa miaka mingi hulisukuma ini litoe protini ya SAA kupita kiasi, na mabaki yake hujikunja vibaya, ndiyo hiyo amiloidi, yakajishindilia kwenye figo, wengu na ini lenyewe. Daktari mmoja aliisoma ripoti yangu mbele ya wenzangu, neno kwa neno. Mpaka leo inaniuma.

Jamani, figo zilizochoka kwa kawaida husinyaa. Ukikuta kubwa na mkojo umejaa protini, tafuta VVU, kisukari, halafu amiloidi. Muulize mgonjwa kuhusu kifua kikuu, kidonda cha mfupa, baridi yabisi. Uliza! Pima na wengu, ila usiukandamize, maana wengu wenye amiloidi huweza kupasuka. Picha peke yake haithibitishi. London, pale Royal Free, wamewahi kutumia skani ya SAP, protini ya damu inayonata kwenye amiloidi, ikitiwa iodini ya mionzi ili ionyeshe amiloidi ilipojikusanya. Sisi tuna sindano ya kuvuta mafuta ya tumboni yakapimwe, na hiyo ikitoka safi usifunge jalada. Ini lisichomwe sindano kabla damu haijapimwa kuganda, kwani huvuja vibaya.

Nimemjibu: mpigie daktari aliyemtuma leo hii, usingoje karatasi ifike. Kisha mwite mgonjwa arudi, mfunue miguu uitazame.