Re: Mawimbi ya kuteleza na ubao Bagamoyo, Novemba

Mkuu, umeuliza kama Novemba, upepo ukiwa umelala, Bagamoyo kuna mawimbi ya ubao. Kwa kweli hayapo. Unguja iko mbele yako, kama kilomita 40, na ndiyo inayokinga mawimbi makubwa ya bahari kuu. Yanayofika ufukweni yanazaliwa na upepo wa mlango bahari wenyewe, yaani maji yaliyo kati ya Unguja na bara. Kusi, upepo wa msimu utokao kusini, imekwisha; kaskazi, ule wa kaskazini, haijashika; basi ni maleleji tu, kipindi cha utulivu kati ya pepo hizo, maji kama ya karai. Upepo wa mchana ukiamka utapata vijiwimbi vya magotini, vifupi, vinavyovunjika ovyo.

Ukija hata hivyo, angalia mwezi kwanza. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa kama saa 10 jioni na kukupwa saa 4 asubuhi, tofauti inapita mita 3. Pwani hii ni tambarare, kwa hiyo maji yakitoka utatembea sana kwenye tope ndipo yakufike kiunoni. Kila siku inayofuata, ongeza kama dakika 50 kwenye saa hizo za kujaa na kupwa.

Chukua ubao mrefu na mnene. Mfupi utazama tu. Ukikanyaga chini buruta miguu, samaki aitwaye taa, mwenye mwiba mkiani, hujifukia mchangani. Na kaa mbali na kamba za nanga za majahazi.