Kabla ya gari, tafuta nyumba

Mwanangu,

Mbukwa, kama tunavyosalimiana huku Dodoma. Huku hatujambo, kikohozi cha baba yako kimepungua tangu vumbi litulie.

Juzi kwenye simu nilikujibu juu juu kwa sababu kulikuwa na wageni. Uliuliza hivi: ukihamishiwa Dodoma, ukope benki ununue gari la kwendea kazini Mtumba, au upande daladala? Halafu ukanichokoza: "Mama, mbona jioni unailalamikia barabara na asubuhi unaondoka unaimba?" Jibu langu ni kwamba utafute nyumba kwanza. Gari litafuata baadaye, na huenda usilihitaji.

Sisi tunakaa Nkuhungu, magharibi. Mji wa Serikali, hapo Mtumba, uko mashariki, kilomita 17 hivi kutoka katikati ya mji. Maana yake asubuhi naendesha nikilitazama jua, na jioni nikirudi nalikuta tena mbele yangu, limeshuka usawa wa kioo. Miwani ya jua haisaidii sana, na lile vumbi la Septemba likishakaa kwenye kioo huoni mwenye bodaboda anayekatiza. Wenzangu wanaokaa Chamwino, ng'ambo ya Mtumba, jua linawapiga kisogoni kwenda na kurudi. Wanakuja ofisini hawajakunja uso. Hilo hakuna dalali atakayekuambia.

Foleni zetu wewe wa Dar utazicheka. Kinachochosha ni malori. Barabara hii ya kwenda Mtumba ndiyo inayobeba mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo, na ukishakaa nyuma ya semitrela pale Ihumwa, kulipita ni kuomba Mungu. Barabara ya mzunguko wa nje, ile ya kilomita 112.3, ilibuniwa ili malori yasipite katikati ya mji. Halafu kuna misafara. Ikulu iko Chamwino, Bunge liko mjini, na barabara kuu inayoziunganisha ni hiyo hiyo yetu. Trafiki akinyoosha mkono, zima injini utulie. Kuanzia Aprili hadi Juni, wakati wa Bunge la bajeti, mimi hutoka saa kumi na mbili kamili hata kama kazi inaanza saa moja na nusu. Na kibao cha 50 usikidharau hata kama barabara ni nyeupe. Tochi ya trafiki ya kupima mwendo huwa iko nyuma ya mti, na faini ni 30,000.

Kuhusu pesa nitasema kwa kifupi, hesabu unazijua kunishinda. Kwenda na kurudi kutoka Nkuhungu ni zaidi ya kilomita 40, na kigari changu kinakula lita moja kwa kilomita 12 kikiwa na afya. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wanaopanga bei ya mafuta, wakitangaza bei mpya, nyumba nzima inanyamaza tusikilize. Ongeza bima, tairi, shokapu na fundi anayesema "mama, hii nayo imeisha." Ukiweka na rejesho la benki juu yake, mshahara wa mtu anayeanza unabaki jina tu.

Sasa kuhusu kuimba. Ofisini nina bosi na mafaili, nyumbani nina baba yako na wajukuu. Ndani ya gari hakuna anayeniita. Nafungulia taarabu, au nazima kabisa, naongea na Mungu wangu kwa sauti, nagombana na watu wasiokuwepo na nawashinda wote. Mvua za Desemba zikianza, ile nchi uliyoizoea ya kijivu inageuka kijani ndani ya wiki chache, na mibuyu inavaa majani. Nikiwa kwenye daladala nimesimama, kichwa kwenye kwapa la mtu, nisingeiona. Wakati wa zabibu nasimama pembeni, nashusha kioo, nanunua, nakula kilo nusu kabla sijafika nyumbani. Baba yako hajui.

Hata hivyo, raha hiyo ina wageni. Ukishakuwa na gari, mtaa mzima unajua unatoka saa ngapi. Wapo wanaochangia mafuta bila kukumbushwa, hao wabebe hata ukiwa umechoka. Yupo mmoja hapa kwetu anayebamiza mlango kama wa lori, anabadilisha redio, na hajawahi kutoa hata mia. Mtu wa hivyo mwambie mapema kwamba unapitia pengine.

Kwa hiyo usikope. Ukipanga Ihumwa, daladala ya Mtumba ni mwendo mfupi tu, hata bajaji si ghali. Ukishakusanya, nunua dogo la mkononi, tena uje na fundi wetu alikague kabla hujalipa.

Nimeona vyumba viwili Ihumwa, maji yapo, ua umezungushiwa ukuta. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita na ameahidi kunisubiri mpaka Ijumaa. Nijibu kabla hajampa mtu mwingine.

Mama yako