Swali la lugha: Ni toni, sauti au mlio wa besi?

Msomaji wetu wa Uyole, Mbeya, anauliza: "Shikamoo mwalimu. Mimi napiga besi kwenye kwaya ya vijana. Tumenunua mashine ya efekti ya kidijitali, ile ya kukanyaga kwa mguu, inayoiga amplifaya za kila aina. Tangu tuipate, hatuelewani na kaka anayeshika mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti. Akisema 'punguza besi', mimi napunguza sauti ya gitaa, kumbe anataka nikate uzito. Nikisema 'naituni toni', ananijibu nyuzi zangu ziko sawa. Kiswahili sahihi ni toni, sauti au mlio? Na hiyo mashine tuiiteje?"

Marahaba. Mnagombana bure, maana wote wawili mnasema Kiswahili kizuri. Tatizo ni kwamba maneno machache mmeyabebesha kazi nyingi.

Tuanze na besi, ambayo kanisani ina kazi tatu. Kwanza ni sauti ya nne ya kwaya, na neno hilo wanakwaya wetu walikuwa nalo kabla Leo Fender, mtengenezaji wa magitaa wa Marekani, hajatoa gitaa lake la besi, Precision Bass, mwaka 1951. Pili ni gitaa lenyewe. Tatu ni ule uzito wa chini unaoongezwa na kupunguzwa kwa nobu, hata kwenye redio ya nyumbani. Mara nyingi sarufi inatuokoa. Ukisikia "besi wamechelewa", hao ni waimbaji, kwa sababu wamepewa upatanisho wa watu. Ukisikia "besi imekatika uzi", hilo ni gitaa. Lakini "punguza besi" haina cha kukuokoa, na hapo ndipo mlipokwama. Kaka wa mikisa aseme "punguza uzito" anapotaka zile sauti za chini zikatwe, na "shusha gitaa" anapotaka ukubwa wa sauti upungue. Waandishi wa habari za muziki wa dansi walishatuonyesha njia kwa kuandika "gitaa zito la besi", na mpigaji wake wakamwita anayeliungurumisha. Chombo kina jina lake na uzito una neno lake.

Sasa sauti, mlio na toni. Katika matumizi ya kila siku, mtu akikwambia "ongeza sauti" haombi kitu kingine zaidi ya ukubwa. Kwa hiyo ukilitumia neno hilohilo kwa ladha ya gitaa, utaeleweka vibaya. Mlio ndio unaokuwezesha kukitambua kitu ukiwa umefumba macho: unajua hii ni pikipiki na lile ni trekta, hata kama vyote vina kelele sawa. Hicho ndicho unachokitafuta unapozungusha nobu za mashine yako. Tena mlio una familia: gitaa linalia, mlio huu, milio hii. Toni siikatazi, maana wanamuziki wanaielewa. Ila katika isimu neno hilo lina kazi nyingine, nayo ni kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno. Huko kwenu Nyanda za Juu Kusini jambo hili lina uzito wake, kwa sababu Kihehe ni lugha ya toni, na Kinyakyusa, kama Kiswahili, si lugha ya toni. Ukiniuliza mimi, nachagua mlio.

Kutuni ni neno la nyuzi, na la kutafuta stesheni ya redio. Uzi mnene wa gitaa lako unapaswa kutoa hezi 41 hivi (yaani mitetemo 41 kwa sekunde), unaofuata 55, kisha 73, na mwembamba kabisa 98. Kazi hiyo ina jibu moja: umefika au hujafika. Mlio hauna jibu moja, hivyo sema unauseti au unaurekebisha. Kaka wa mikisa alikuwa na haki kukujibu kwamba nyuzi ziko sawa.

Ninachotaka hasa ukichukue ni vitenzi. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa vitenzi vya sauti, na tunauacha umelala huku tukisema "toni si nzuri". Si nzuri vipi? Ukisema besi inavuma, umeshamwonyesha mwenzako mahali pa kushika: sauti zimerundikana kati ya hezi 100 na 250, na huko ndiko pa kupunguza kidogo. Ukisema inakwaruza, mkono uende juu, hezi 2,000 hadi 5,000, au upunguze draivu, ile efekti inayokwaruza sauti makusudi. Ukisema inadunda, iacheni ilivyo. Na ukisema imezama, tulia kwanza kabla ya kugusa nobu.

Imezama si sawa na haitoshi. Besi iliyozama ipo, tena huenda ina nguvu nyingi, lakini kinanda na ngoma vimeifunika. Wengi hukimbilia kuongeza uzito, na hapo inazama zaidi. Spika ndogo za kanisani hazitoi vizuri zile hezi 41 za uzi mnene. Sikio linaitambua noti hiyo kwa sauti zake za juu, yaani 82, 123 na kuendelea. Ukirundika uzito huko chini, unaichosha spika na msikilizaji hapati kitu. Kata chini ya hezi 35 au 40, kisha pandisha kidogo sauti za kati, hezi 700 hadi 1,000, na ufanye hivyo kwaya ikiwa inaimba. Mlio uliouseti peke yako chumbani, ukaona mtamu na mnene, mara nyingi ndio unaozama Jumapili. Kwa hiyo kaka akikwambia "haisikiki", muulize: imezama au haitoshi? Kama haitoshi, pandisha sauti. Kama imezama, nenda katikati.

Kwa kompresa, ile efekti inayozuia sauti kupanda mno, tumia kubana na kulegeza. Ile alama ambayo sauti ikiivuka inaanza kubanwa, iite kizingiti, neno la mlangoni ambalo linaingia hapa bila kulazimishwa. Kiasi cha kubana ni uwiano: ukiseti 4 kwa 1, sauti iliyovuka kizingiti kwa desibeli 4 (kipimo cha ukubwa wa sauti) itatoka ikiwa imevuka kwa 1 tu. Noti uliyoikung'uta kwa hasira na ile uliyoigusa kwa upole zinakaribiana, na kaka wa mikisa anapumzika. Kwa draivu nasema mkwaruzo. Kwenye gitaa la besi, mkwaruzo hula uzito, ndiyo maana mashine nyingi zinakuruhusu kuuchanganya na mlio safi. Changanya.

Ipo pia sehemu inayoiga boksi la spika. Waya ukitoka kwenye mashine moja kwa moja kwenda kwenye mikisa, iwashe. Ukienda kwenye amplifaya yenye spika zake, izime, la sivyo mlio unapita kwenye boksi mara mbili na kufifia. Mwambie mwenzako "boksi limewashwa" au "boksi limezimwa", inatosha.

Na jina la mashine? Usiiite kiigizo, maana kiigizo kwetu ni mtu wa kufuatwa kwa mwenendo wake. Modela, kutoka "modeler" ya Kiingereza, linatamkika, lakini mwimbaji wa sauti ya kwanza hatakuelewa. "Mashine ya efekti", kama ulivyoandika mwenyewe, ni jina zuri. Ukitaka kuitofautisha na pedali ya kawaida yenye efekti moja, sema "mashine ya kuiga amplifaya". Upatanisho ni wa i- na zi-: mashine imewaka, mashine zimewaka. Gitaa ni la li- na ya-: gitaa la besi limewaka, magitaa ya besi yamewaka.