Kikundi cha Watu Saba, Kazi ya Mmoja

Barua za safari hii zimetoka Mtwara mjini, Mikindani, Lindi na Masasi. Karibu zote zinagusa kushirikiana chuoni: wanafunzi kwa wanafunzi, walimu kwa walimu, chuo kwa chuo. Nyingine nimezifupisha.

Shikamoo Mwalimu. Nasomea ualimu, mwaka wa pili, hapa Mtwara. Kila asaimenti ya kikundi tuko saba, anaandika mmoja, wengine wanaandikwa majina tu. Muhula huu anayeandika ni mimi. Nifanyeje nisionekane mchoyo?

Marahaba mwanangu. Kwanza, saba ni wengi. Zaidi ya miaka mia iliyopita Mfaransa mmoja, Max Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba, akaona kwamba kadiri wavutaji wanavyoongezeka ndivyo kila mmoja anavyopunguza nguvu yake. Kama mhadhiri wenu anakubali kuombwa, mwombeni vikundi vya wanne.

Asipokubali, mnaweza kujipanga wenyewe. Kikao cha kwanza, kabla mtu hajafungua desa (notisi za somo), gawaneni sehemu kwa majina na tarehe, muandike kwenye grupu lenu la WhatsApp ili kila mtu aone. Siku mbili kabla ya kukusanya, kutaneni. Aliyeandika sehemu ya pili aeleze sehemu ya tatu, wa tatu aeleze ya nne. Hapo ndipo asiyesoma anapojulikana, tena bila wewe kumsema. Na mkubaliane tangu siku hiyo ya kwanza, si siku ya mwisho mkiwa na hasira, kwamba asiyeleta sehemu yake jina lake halikai kwenye jalada.

Unaogopa kuitwa mchoyo. Lakini mwenzako unayembeba leo ataingia chumba cha mtihani peke yake, na sapu, mtihani wa marudio, haipewi kikundi.

Wahadhiri mnaosoma hapa, nanyi mna sehemu yenu. Siku ya prizentesheni chagueni mwanakikundi yeyote, mumuulize swali la sehemu ambayo hakuiandika, na jibu lake libebe alama za wote. Mtaona watu wanavyoanza kufundishana wenyewe hosteli.

Nafundisha takwimu Mtwara, rafiki yangu anafundisha somo hilohilo Lindi. Tunataka kuiboresha kozi yetu pamoja. Tumeandika andiko la mradi, wafadhili kimya. Tuanzie wapi?

Anzieni kwenye karatasi za mtihani uliopita. Andiko liwekeni kabatini kwanza.

Kila mmoja achukue karatasi zake, aziangalie, aandike mada tatu ambazo darasa lake linaanguka. Mkilinganisha orodha zenu, mada moja itajitokeza kwenu wote. Hiyo ndiyo kozi yenu ya kushirikiana kwa muhula huu, mada moja tu. Miradi mingi ya vyuo naiona inakufa kwa kutaka kubadili mtaala mzima kabla watu wawili hawajakaa meza moja kuandaa kipindi kimoja.

Kisha jiulizeni: mwanafunzi akimaliza mada hii, awe anaweza kufanya nini? Msijiulize atakuwa amesikia nini. Huo ndio uliokuwa msingi wa mradi wa TESCEA, uliodumu 2018 hadi 2021, ukiunganisha Mzumbe na Chuo Kikuu cha Dodoma kwa upande wetu, na vyuo vikuu vya Gulu na Uganda Martyrs kwa upande wa Uganda. Walimu walizipanga upya kozi zao kwa kuanzia mwisho wa safari, wakashauriana na watu wa nje ya chuo wakiwemo waajiri. Walikuwa na fedha za Uingereza, sawa. Lakini swali hilo la kuanzia mwisho halina gharama.

Tuseme mada yenu ni wastani. Andaeni swali moja mlitumie kote kuwili. Mfano wa kubuni: minada mitano ya korosho imetoa bei ya kilo shilingi 2,500, 2,600, 2,600, 2,700 na 4,000. Mkulima wa Newala anataka kujua bei ya kawaida msimu huu. Umpe ipi? Wastani unatoka 2,880, bei ambayo haikulipwa kwenye mnada wowote. Thamani ya katikati ni 2,600. Darasa litagawanyika, na mgawanyiko huo ndio mnaoutafuta. Mwanafunzi wa Kusini bei za mnada anazijua tangu utotoni, hana haja ya mfano wa viwanda vya mbali.

Baada ya jaribio, badilishaneni karatasi kumi kumi. Mwenzako asahihishe za kwako bila kuona alama ulizoweka. Pale mtakapopishana sana, kaeni muongee: ni jibu gani hasa mnalolitafuta? Kwa maoni yangu mazungumzo hayo yana faida kuliko semina ya siku tatu yenye posho. Lindi na Mtwara ni kama kilomita mia tu, lakini hata nauli hamhitaji. Picha za karatasi zinatosha, mkifuta majina.

Mkiwa na mihula miwili ya ushahidi wa namna hiyo, litoeni lile andiko kabatini.

Mwanangu anasema siku hizi mhadhiri anauliza swali halafu anawaambia "jadilianeni wenyewe". Mimi nauza samaki kulipa ada. Nalipa ili wafundishane?

Mama, hasira yako naielewa. Ila usimhukumu mhadhiri haraka.

Njia hiyo ilipata jina kupitia Eric Mazur, mwalimu wa fizikia Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, miaka ya mwanzo ya 1990. Aligundua wanafunzi wake wanakokotoa hesabu ngumu bila shida, lakini ukiwauliza swali jepesi la maana ya nguvu au mwendo wanababaika. Akaanza kuuliza swali, kila mtu ajibu peke yake kwanza, kisha amshawishi jirani yake, kisha wajibu tena. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati. Penye mihadhara mitupu waliofeli walikuwa karibu asilimia 34, na penye kushirikishwa wanafunzi karibu 22.

Muulize mwanao mambo mawili. Je, mnajibu peke yenu kabla ya kujadiliana? Na mwalimu anarudi mwishoni kueleza jibu sahihi na kwa nini mengine si sahihi? Kama yote ni ndiyo, ada yako inafanya kazi. Kama mhadhiri anauliza swali halafu anatoka nje kupiga simu, hapo una haki ya kulalamika.

Mabilioni ya HEET, mradi wa elimu ya juu, tunayasikia redioni. Yanahusu ufundishaji au majengo tu?

Yote. Mradi huo wa serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia, dola milioni 425, ulianza 2021, na huku kwetu watu wanautaja kwa ajili ya kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mkoani Lindi. Ndani yake kuna pia kuhuisha mitaala, kusomesha wahadhiri na kuunda kamati za ushauri zenye waajiri. Jengo linaonekana barabarani, mtaala hauonekani, ndiyo maana redio inasema majengo. Ukiwa mwajiri Lindi, ulizia kamati hizo. Kilimo kikifundishwa Lindi bila sauti ya watafiti wa korosho wa TARI Naliendele (taasisi ya utafiti wa kilimo) na viongozi wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), itakuwa ajabu.

Tuliandaa slaidi wawili, mwenzangu sasa anazitumia chuo kingine bila jina langu.

Mpigie simu kabla hujaandika barua kwa mkuu wa idara. Wengi husahau tu. Safari ijayo wekeni majina yote mawili kwenye kila slaidi, na mstari mmoja wa masharti: atumie anayetaka, ataje waandaaji.

Video za kozi zinamaliza bando. Nafanyaje?

Mwambieni kiongozi wa darasa aombe sauti peke yake pamoja na maandishi ya PDF, ni nyepesi mno kuliko video. Kama chuo chenu kinatumia Moodle, mfumo wa kuweka masomo mtandaoni, programu yake ya simu inakuruhusu kupakua masomo ukiwa kwenye Wi-Fi ya maktaba na kuyasoma nyumbani bila intaneti, ilimradi chuo kimeiwezesha. Na mmoja akishapakua, wengine warushiwe simu kwa simu.