Ukishamaliza Sherlock Holmes, usome nini?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi nimekulia kwenye Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, nikahamia kwa Sherlock Holmes mpaka zikaisha zote. Sasa nasikia Waingereza walikuwa na riwaya kali za ujasusi kabla hata James Bond hajatungwa. Nianze na ipi, na bado zinasomeka kweli? – Msomaji, Unguja

JIBU: Zinasomeka sana ndugu yangu, tena nyingine zinazishinda za siku hizi. Anza na The Thirty-Nine Steps ya John Buchan, 1915, ni fupi, wikiendi moja umemaliza. Jamaa anaitwa Richard Hannay, katoka kusini mwa Afrika, yuko London kachoka na kila kitu, mara mtu aliyemficha kwenye fleti yake anakutwa kachomwa kisu, basi Hannay anavaa nguo za muuza maziwa anatoka mlangoni hivi hivi na kukimbilia Scotland, polisi wanamtafuta na majasusi wa Kijerumani nao wanamtafuta.

Ila kipenzi changu mimi ni The Riddle of the Sands ya Erskine Childers, 1903. Inaanza polepole, vumilia, maana we mtu wa pwani utaielewa kuliko hata msomaji wa London. Vijana wawili na mashua ndogo kwenye visiwa vya kaskazini ya Ujerumani, bahari ikipwa mafungu ya mchanga yanatokea kila mahali, ikijaa yanapotea, na kuna sehemu wanapiga makasia ndani ya ukungu mzito hawaoni kitu, wanategemea dira na kupima kina tu, mpaka unajikuta na wewe umeshika pumzi. Childers hakubuni maji yale, alishayapita mwenyewe kwa mashua mwaka 1897. Na hofu iliyomo, kwamba Ujerumani inajiandaa kuvamia, Waingereza walikuwa nayo kweli miaka ile. Mwenyewe mwisho wake ulikuwa wa kusikitisha, alipigwa risasi Ireland mwaka 1922 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Hizo mbili zipo bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg, unadaunlodi kwenye simu.

SWALI: Nilianza hiyo ya Buchan, kurasa za mwanzo tu nikakuta maneno ya chuki kuhusu Wayahudi, nikafunga. Nakosea? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Hukosei hata kidogo. Maneno yale anayasema Scudder, yule anayeuawa, na baadaye mhusika mwingine anasema Scudder alikuwa na chuki zake za ajabu, lakini hiyo haifuti kitu, na Buchan anavyowaandika Waafrika kwenye Prester John ya 1910 inauma zaidi. Mi naona usijilazimishe. Ruka nenda moja kwa moja kwa Eric Ambler, Epitaph for a Spy, 1938. Hapo shujaa ni mwalimu wa lugha asiye na uraia wa nchi yoyote, yuko likizo kusini mwa Ufaransa, anapeleka filamu ya kamera ikasafishwe, kumbe ndani kuna picha za ngome za jeshi la majini na kamera yenyewe si yake, polisi wanamkamata na kumwambia amtafute jasusi hapo hotelini la sivyo atafukuzwa nchini, na hana pa kwenda. Hiyo ya Ambler bure hupati, bado ina hakimiliki, itabidi ununue.